Upanga wa kuwaka wa kujitengenezea mu Bukavu: maswali yanayorudi kila mara

Haya ni maswali juu ya upanga wa kuwaka, yaani upanga wa mchezo unaotoa mwanga kama wa filamu za Star Wars, ambayo vijana wa sarakasi, wa teatri, wa video za TikTok na wazazi wenye watoto wasumbufu wananiuliza tena na tena. Kama hujawahi kutengeneza hata moja anzia juu, kama umeshatengeneza ruka uende kwenye vifaa, huko njo kuna utamu.

## Ya kuanzia

Huu upanga ni laza ama ni ampuli?

Ni ampuli, tena ledi za kawaida kabisa. Laza haiwezi kufanya hii kazi: mwanga wake hausimami hewani baada ya metre moja, unaendelea mpaka ugonge ukuta, na ukiwa pembeni kwenye hewa safi hauuoni. Juu ya hapo inaharibu macho. Kwa hiyo anayekuuzia "upanga wa laza wa kweli" anakutupia bongo.

Tunachotengeneza kiko na sehemu tatu: mpini wenye betri na swichi, chanzo cha mwanga, na ubapa, yaani ile tiyo ama kipande kinachowaka. Chanzo kinaweza kuwa ledi moja yenye nguvu iliyofichwa mu mpini inayopiga kwenda juu, ama kamba ya ledi inayopita ndani ya tiyo yote kutoka chini mpaka ncha. Kuna na zile ambazo hazina umeme kabisa, tutazifikia.

Kwa nini wangu unawaka chini tu, juu ni giza?

Hili njo swali namba moja na likieleweka mengine yote ni mepesi. Watu wanatafuta kitu kinachong'aa sana, kilicho safi kama kioo, halafu wanashangaa. Kitu kisafi kinapitisha mwanga, hakiuonyeshi. Mwanga unaingia chini, unateleza ndani, unatokea kwenye ncha, na pembeni huoni kitu. Ili jicho lione ubapa umewaka, mwanga lazima uvuje njiani, sawa vile maji kwenye tiyo iliyotobolewa matundu madogo madogo: matundu mengi chini na maji yote yanaishia chini, matundu machache chini na mengi juu na kila mmea unapata.

Sasa kama tiyo yako ni safi, isugue na msasa kidogo chini na zaidi kadiri unavyopanda, ama ingiza ndani karatasi ya kalki, ile ya wachora plani za nyumba, ikunjwe mara moja ama mbili. Ile selofani ya kufunga zawadi za harusi nayo inafanya vizuri sana, kunja kwa kulegea iwe na mikunjo mingi. Na kama tiyo yako ni ya ukungu tayari na ledi moja iko chini, basi hata ufanyeje mwanga utaishia katikati, hapo weka kamba ya ledi ndani.

Polikarbonati inasifiwa kila mahali, lazima niwe nayo?

Inasifiwa kwa haki. Ni plastiki isiyovunjika, inapinda halafu inarudi, na wanaotengeneza panga za kupigana nje huko wanatumia tiyo ya inchi moja, yaani milimita 25,4, yenye ukuta wa milimita 2 ama 3. Shida ni kuipata hapa ikiwa mpya. Lakini usikimbilie kuagiza, kwanza soma swali la neoni zilizokufa hapa chini.

Plexiglas inafanana nayo kwa macho lakini tabia ni tofauti kabisa. Plexiglas ikigongwa inapasuka vipande vyenye ncha kali. Ukiwa hujui unayo ipi, chukua kipande cha pembeni ukipinde na koleo mbali na uso: inayopinda bila kukatika ni polikarbonati, inayolia "tak" ni plexiglas.

Hivi vitu nitavipata wapi hapa mjini?

Mafundi wa simu na wa redio kwa betri na waya, kenkayeri kwa tiyo na kole, wapamba harusi kwa kamba za ledi zilizobaki (hawa wanatupa vipande vizuri sana), wenye kuandika vibao vya maduka kwa mabaki ya plexiglas, wauza vyuma vya zamani mu soko ya Kadutu kwa mpini. Upande wa ziwa kuna uzi wa kuvulia wa unene wote. Uliza kwa heshima, sema "papa, hiki kipande unakitupa?", mara nyingi unapewa bure.

## Vifaa vya ajabu: vipi vinafanya kazi, vipi vinapoteza muda

Ile neoni ya ledi iliyokufa inaweza kweli kuwa upanga?

Inaweza, na kwangu hiki njo kifaa bora kuliko vyote mu mji huu. Hizi neoni mpya za ledi zinaitwa T8, unene wake ni karibu milimita 26, urefu sentimita 60 ama 120, yaani ni saizi ileile ya panga za dukani. Nyingi kifuniko chake ni polikarbonati nyeupe ya maziwa, tayari inasambaza mwanga, haihitaji msasa wala kalki. Kinachokufa mara nyingi ni kile kisanduku kidogo cha umeme ndani, kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka kama unavyotaka, plastiki yenyewe inabaki mzima.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni plastiki mzunguko mzima: toa vifuniko vya pembeni, vuta utepe wa ledi utoke, umebaki na tiyo. Ya pili iko na aluminiyomu nyuma na plastiki nusu mbele, hii tafuta mbili, unganisha nusu kwa nusu na kole nzuri kisha skochi ya kupitisha mwanga. Kuna na ya tatu ambayo ni kioo kilichopakwa rangi ndani, hiyo iache, igonge na kucha utasikia sauti ya glasi.

Kata na msumeno wa chuma wenye meno madogo, zungushia skochi pale unapokata ili isichanike. Sentimita 80 inatosha mtu mzima, mtoto mpe 60. Na neno moja la lazima: hii kitu ilikuwa inakula volti 220, usijaribu kuiwasha na vile vya ndani vyake vya zamani ukiwa umeifungua. Toa vyote, weka kamba yako ya volti ndogo.

Na neoni zile za zamani za kioo?

Hapana. Ndani kuna zebaki, na ikipasukia mikononi unapata sumu na vidonda kwa wakati mmoja. Utazijua kwa uzito, kwa kioo, na mara nyingi kwa ule weusi kwenye ncha zote mbili.

Tiyo ya PVC ya umeme ama ya maji je?

Ya maji ya kijivu na ile ya rangi ya chungwa hazipitishi kitu. Ile nyeupe nyembamba ya kupitishia waya za umeme inapitisha kiasi, ukiweka kamba ya ledi yenye nguvu ndani. Kabla ya kununua fanya jaribio dukani: washa torshi ya simu, ibandike ndani ya mdomo wa tiyo, ziba na mkono. Ukiona wekundu ama weupe umetoka nje basi endelea. Rangi zinakufa kidogo, buluu inageuka kama maji ya mchele, nyekundu na kijani zinavumilia. Kwa mtoto anayegonga kila kitu ni nzuri, ni rahisi na haichongoki.

Chupa za plastiki?

Chupa tunazo mpaka zinaziba mashine za umeme kule Ruzizi, kwa hiyo ukizitumia umesaidia. Ile plastiki, PET, iko na tabia nzuri: ukiipasha moto inajikunja na kubana kilicho ndani. Kata chupa iwe utepe mrefu wa sentimita mbili hivi kwa kuzunguka, ufunge kwa kuzungusha juu ya kijiti chenye kamba ya ledi, halafu pitisha juu ya mvuke ama karibu na makaa, mbali ya kutosha isiungue. Inabana na inaacha mikunjo, na ile mikunjo njo inayovuja mwanga. Matokeo si tiyo laini, ni kama ubapa wa barafu ama wa kioo cha kichawi, kwa hadithi za mizimu ni kitu kizuri kabisa.

Ikianza kutoa moshi umezidisha. Fanyia nje.

Niliona mtu ametumia uzi wa kuvulia samaki, ilikuwa ukweli?

Ukweli, lakini kwa kisu, siyo upanga. Uzi mnene wa nailoni unabeba mwanga ndani yake karibu vile nyaya za intaneti zinavyofanya, tofauti ni kwamba nailoni ina ukungu na inakula mwanga njiani. Mpaka sentimita 30 ama 40 inaonekana vizuri, zaidi ya hapo inafifia. Chukua nyuzi nyingi, zifunge fungu moja, kata chini sawasawa na wembe, bandika kwenye ledi moja yenye nguvu, halafu zikwaruze na msasa, zaidi kuelekea ncha. Ukiziacha zisambae kidogo juu unapata kitu kama mkia wa moto.

Vile vijiti vya gundi ya bastola vinafanya kazi hiyohiyo na ni rahisi zaidi: kijiti cha milimita 11, ledi chini, basi, kimewaka chote kwa sababu kina ukungu chenyewe. Kinapinda, hakimuumizi mtu. Lakini ni gundi, ledi ikipata moto sana kitaanza kulainika na kubandika kwenye mpini, angalia swali la moto.

Nataka upanga bapa, wenye umbo kama vile visu vya kifalme vya zamani vya kwetu, siyo tiyo.

Hapa njo plexiglas inarudi na heshima yake. Kata umbo lote kwenye bati la milimita 5 ama 8, kwa msumeno mdogo, ukienda polepole isiyeyuke. Ile sehemu ya chini itakayoingia mu mpini isugue na msasa wa 400, kisha 1000, malizia na dawa ya meno mpaka iwe safi, hapo njo mlango wa mwanga. Panga ledi chini zikielekea juu kwenye unene wa bati.

Ukiwasha utaona kingo tu zinang'aa, katikati hakuna kitu. Sasa chora: chukua msumari ama ncha ya kompasi ya shule, kwaruza michoro unayotaka, na kila mkwaruzo utawaka. Nyuma ya huu ufundi ni ileile sheria ya kuvuja, mwanga unatoka pale tu ulipokwaruza. Kwa hiyo linda bati lisipate mikwaruzo usiyoitaka, acha ile karatasi yake mpaka mwisho, na alama za vidole zifute kwa sababu nazo zinawaka. Huu upanga ni wa kushika jukwaani na kwenye picha. Kupigana nao hapana, nimesema juu kwa nini.

Kinini inawaka kweli ama ni hadithi?

Inawaka buluu, chini ya mwanga wa UV peke yake, ule mwanga wa upande wa zambarau ambao jicho karibu halioni. Na inafaa kweli tuseme hii Bukavu, mji wa kiwanda cha kinini cha Pharmakina, ambako kinini inatoka kwenye maganda ya mti wa kenkina unaolimwa huku huku Kivu. Maji ya toniki yana kinini kidogo ndani, ukiyaweka mbele ya lampi ya UV mu giza yanatoa buluu ya mzimu. Ukiongeza ndimu inapendeza zaidi, kwa sababu kinini inapenda asidi. Chumvi inaizima, usiweke.

Namna ya kufanya: tiyo safi (hapa hatutaki ukungu), ziba chini na kifuniko na kole ya epoksi, jaza, ziba juu, na ledi za UV ziwe mu mpini ama kwenye utepe nje ya tiyo. Tiyo yenye upana wa ndani wa milimita 20 na urefu wa sentimita 80 inabeba karibu robo lita, yaani gramu 250 zaidi mkononi, utausikia uzito ukizungusha. Umeme uukinge kabisa na maji.

Usitumie vidonge vizima vya dawa kwa mchezo, kuna mgonjwa anavitafuta, toniki inatosha. Na hayo maji yakishaingia kwenye upanga siyo ya kunywa tena, weka mbali na watoto.

Lampi yangu ya UV haifanyi kitu, shida iko wapi?

Kuna UV na UV. Taa nyingi za bei rahisi ni za nanometre 395, unaona zambarau nyingi lakini kinini inajibu kidogo tu. Ya 365 inaonekana kama haiwaki vizuri, na njo nzuri zaidi kwa kinini. Ukiwa na 395 tu usitupe, badilisha kimiminika: kalamu ya njano ya kupigia mstari, fungua, loweka ule uzi wa ndani mu maji, hiyo inajibu 395 bila shida na inatoa kijani ya sumu. Sabuni ya unga ya kufulia nayo inatoa weupe wa buluu kwa sababu ya zile dawa za kung'arisha nguo, ila inatoa povu na kufanya mawingu, chuja.

Kujua kama lampi ni UV kweli fanya kama kambisti: weka noti ya dola 100 chini yake, uzi wa ndani unawaka pinki, wa dola 20 unawaka kijani. Usiielekeze machoni, hata kama haionekani kali.

Unga unaong'aa gizani, je?

Mzuri ni ule unaoitwa strontiyomu aluminate, wa kijani njo unakaa muda mrefu kuliko rangi zingine, masaa kadhaa kwa jicho lililozoea giza, ingawa ile nguvu ya kwanza inashuka mu dakika chache. Ile ya zamani ya zinki inazimika haraka. Utaupata kwenye nyota za kubandika vyumba vya watoto na kwenye baadhi ya vibao vya "sortie".

Paka kwanza rangi nyeupe chini, hii watu wanaisahau na inabadilisha kila kitu. Changanya unga na vanishi safi isiyo ya maji, kwa sababu maji yanauharibu polepole, paka mikono kadhaa, chaji kwa jua ama kwa ile lampi ya UV. Vaa maski wakati wa kuchanganya. Hautashinda ledi hata siku moja, lakini kwa teatri yenye giza ambapo umeme umekatika katikati ya mchezo, na kwetu unakatika, huu unaendelea kuwaka bila kukuuliza.

Vile vijiti vya kuvunja vya sherehe, nikimwaga maji yake ndani ya tiyo?

Usivikate. Ndani kuna kichupa cha kioo chenye kimiminika kingine, ukivunja vinachanganyika na kemia yao inatoa mwanga, ukikata unapata vipande vya kioo na mafuta yanayowasha ngozi na macho. Viingize vizima ndani ya tiyo, vikifuatana. Vinafanya kazi usiku mmoja, kesho yake ni takataka.

Kuna namna ya kufanya bila umeme na bila dawa yoyote?

Kwa video iko, na ni nzuri ajabu. Ile skochi ya kijivu ya kwenye jilet za motari, na ile nyekundu na nyeupe ya malori, inarudisha mwanga kulekule ulikotoka. Funika kijiti chote na hiyo skochi, washa flashi ya simu ukiwa unarekodi, na kwa kuwa flashi iko pembeni ya kamera basi kamera inaona kijiti kimewaka kama radi wakati mtu aliye pembeni anaona kijiti cha kijivu tu. Mu Star Wars ya kwanza ya 1977 walitumia njia hiyo, vijiti vilivyofunikwa na kitu cha kurudisha mwanga, kisha wakachora rangi juu ya picha.

Weka kipande cha selofani ya rangi juu ya flashi na upanga unabadilika rangi, lakini na ile mistari ya jilet za watu wengine nyuma itabadilika, ondoa motari mu picha. Kwa jukwaa haifanyi kitu, watazamaji hawako na flashi kwenye paji la uso.

Mianzi?

Toboa matundu kwa kufuata mchoro, vunja vizuizi vya ndani na chuma, pitisha kamba ya ledi. Inapendeza. Nunua ya mashambani, usiende kukata ya mu Kahuzi-Biega, ile ni parki, na sokwe wanakula chipukizi zake.

## Umeme

Kamba ya volti 5 ama 12?

Ya 12 njo inapatikana kirahisi, inakatwa kila ledi tatu, na imezoeleka kwa wenye pikipiki na gari. Ya ledi ndogo, 60 kwa metre, inakula karibu wati 4,8 kwa metre, ile ya ledi kubwa za 5050 karibu wati 14,4. Fanya hesabu: sentimita 80 ya 5050 ni karibu ampere 1, na kwa kuwa unaweka kamba mbili mgongo kwa mgongo ili iwake pande zote, ni ampere 2. Betri za 2000 mAh zinakupa saa moja hivi. Ukichukua ndogo unapata karibu saa tatu. Mu tiyo nyeupe ya T8 zile ndogo zinatosha usiku, usijisumbue.

Zile za volti 5 zinazobadilisha rangi ledi moja moja, WS2812B, ni tamu sana, upanga unapanda kutoka mpini kama kwenye filamu. Ila kila ledi inaweza kula miliampere 60 ikiwa nyeupe kamili, na kamba ya 144 kwa metre kwenye sentimita 80 ni karibu ampere 7. Punguza mwanga mu programu, tumia rangi badala ya nyeupe.

Betri za laptopu iliyokufa zinafaa?

Zile silinda za 18650, ndiyo, volti 3,7 kila moja na 4,2 ikijaa. Tatu kwa kufuatana zinakupa karibu 12. Pima moja moja na mita, iliyolala chini ya volti 2 iache, yenye kuvimba ama kutu iache, usichanganye za nguvu tofauti. Kile kibao kidogo cha TP4056 ni cha kuchaji betri moja, watu wengi wanakifunga kwenye tatu za kufuatana halafu wanauliza kwa nini hakuna kitu, hapo unahitaji kibao cha kulinda betri tatu na chaja ya volti 12,6. Usisudire moja kwa moja kwenye betri kwa muda mrefu, moto unaiua. Na usichaji ukilala, hata kama umeme umerudi saa nane ya usiku.

Kwa mtoto acha litiyomu kabisa, mpe mabuye nane ya kawaida, yaani betri za torshi, 1,5 mara 8 ni 12.

Mpini unapata moto, ni kawaida?

Uvuguvugu ndiyo, kushindwa kushika hapana. Ledi moja ya wati 3 lazima ibandikwe kwenye chuma, na mpini wa PVC haupoozi kitu, karibu nyuzi 80 unaanza kulainika. Tumia pampu ya baiskeli iliyokufa, ile ya aluminiyomu, iko na unene mzuri mkononi na inaonekana kama kitu cha kiwandani.

## Kupigana, kurekodi, kutembea nao

Tunaweza kugongana kweli?

Polikarbonati yenye ukuta wa milimita 2 kwenda juu, ndiyo, na glavu na miwani. PVC polepole. Vingine vyote hapana. Kamba ya ledi ndani ibandike kwenye kijiti chembamba ama uisongeshee kalki isicheze, kwa sababu kinachokatika kwanza ni pale waya unapoingia kwenye kamba. Ncha izibe na kitu cha mviringo, mpira ama nusu ya kifuniko, siyo kitu chenye pembe.

Simu inaonyesha upanga mweupe wakati ni mwekundu.

Kamera inazidiwa. Bonyeza kwa muda juu ya ubapa mpaka ifunge mwanga, kisha shusha. Ila usishushe sana: katikati kuwe na weupe na pembeni rangi, hivyo njo jicho linaamini. Ukiona mistari inapita, ni kipunguza mwanga chako kinawasha na kuzima ledi haraka haraka, washa mwanga kamili na punguza kwa kuongeza kalki ndani ya tiyo.

Naweza kutembea nao usiku mu mtaa?

Mimi siwezi kukushauri. Kitu kirefu kinachowaka mkononi, gizani, mu mji kama wetu, aliye na bunduki hatauliza kama ni teatri. Beba umefunguliwa vipande mu mfuko, rekodi ndani ya parsele ama uwanja wa shule, mwambie mkubwa wa avenue mapema, na kama mzee yeyote amekuja kuuliza zima kwanza ndipo umsalimie.

## Maswali ya pembeni

Kuna mtu ananiuzia jiwe la machimbo linalowaka gizani.

Usinunue na usilale nalo chumba kimoja. Urani peke yake haiwaki gizani kwa macho, lakini baadhi ya madini yake yanawaka kijani chini ya UV, na nchi yetu iko na historia ya hiyo kitu, Shinkolobwe kule Katanga njo kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Jiwe likiwaka chini ya UV huwezi kujua kwa macho kama ni la hatari ama la kawaida. Rangi ya saa za zamani sana zilizong'aa usiku kucha nayo ilikuwa na radiyomu, usiikwaruze kutafuta unga.

Nataka upanga unaopasuka jukwaani huku unawaka.

Sukari. Chemsha sukari na maji kidogo mpaka ikipita ile hatua ya kukatika kama kioo, vitabu vinasema karibu nyuzi 150, ila sisi tuko juu, karibu metre 1500, maji yenyewe yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo toa nyuzi kama 5. Bila kipimo, dondosha tone kwenye maji baridi: likivunjika "kach" bila kupinda, ondoa motoni. Mimina kwenye umbo la aluminiyomu lililopakwa mafuta, ledi ibaki kwenye mpini. Inatoka rangi ya asali. Itengeneze siku hiyohiyo, kwa sababu hewa yetu ya masika inaigeuza iwe ya kunata, na hiyo sukari ya moto ikikugusa inabandika na kuchoma, watoto wakae mbali na jiko. Anayepigwa nao afunge macho, vipande vinakata kidogo.

Vimulimuli ndani ya tiyo?

Watakufa kabla hujafika jukwaani, na mwanga wao ni wa kuwaka na kuzima wanavyotaka wenyewe.

Mvua imeingia ndani ya ubapa, nifanyeje?

Zima, toa betri kwanza kabla ya kitu kingine. Vuta kamba nje, ifute, iache kwenye jua ama juu ya kibao cha frigo siku nzima. Tiyo ipitishe kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Kama kamba ilikuwa ya volti 12 yenye silikoni juu mara nyingi inapona, tazama pale ulipokata kwa sababu maji yanaingilia hapo, tia kole ya moto kidogo. Betri iliyolowa usiichaji mpaka umeipima, ikionyesha volti tofauti na wenzake ipeleke kwa fundi wa simu, usiitupe ziwani.